Kiwanda cha matofali cha Great Linford: kwa nini kilikufa wakati nyumba zilikuwa bado zinajengwa?

Mzee wa Mfereji (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Naomba leo tujadili kiwanda kidogo ambacho wengi wenu hamjapata kukisikia, na ambacho hata majirani zangu wanaopita kando yake kila asubuhi wakikimbia au wakitembeza mbwa hawajui kilikuwa nini. Kilikuwapo Great Linford, kijiji cha kaskazini mwa Buckinghamshire nchini Uingereza, ambacho leo kimemezwa na mji wa Milton Keynes. Kilichosalia ni matanuru mawili ya duara, yamesimama kwenye nyasi karibu na mfereji kama vichuguu vilivyokatwa vichwa, pamoja na madimbwi yenye matete na bata. Madimbwi hayo si ya asili. Ni mashimo ambamo udongo ulichimbwa kwa majembe na mabeleshi, ukafyatuliwa, ukachomwa, na ukaondoka hapo ukiwa nyumba za watu.

Kiwanda kilifanya kazi katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, enzi za Malkia Victoria, na kilikuwa kimekwisha kufungwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Jirani yake tu kuna Wolverton, ambako kampuni ya reli iliyounganisha London na Birmingham ilianzisha karakana zake mwaka 1838, na New Bradwell, kitongoji kilichojengwa kuanzia miaka ya 1850 kwa ajili ya wafanyakazi wa karakana hizo. Nyumba zilikuwa zikiongezeka safu kwa safu. Halafu mwaka 1967 serikali ikatangaza kwamba mji mpya utajengwa juu ya mashamba hayo hayo, mji ambao ungehitaji matofali kwa mamilioni. Mji ukajengwa kweli, ukakizunguka kijiji pande zote, na matofali yake yakatoka kwingine kabisa. Kiwanda kilichozungukwa na wateja kiliwezaje kufa mapema kiasi hicho?

Kabla hatujafika huko, nieleze kwanza kwa nini kilikuwa mahali pale. Tofali ni zito na bei yake ni ndogo, kwa hiyo katika barabara za matope za siku zile lilikuwa halisafiri mbali; gharama ya farasi na mkokoteni ilikuwa inaimeza faida baada ya maili chache tu. Ndiyo maana karibu kila wilaya ya Uingereza yenye udongo wa mfinyanzi ilikuwa na kiwanja chake cha matofali, na mara nyingi mwenye shamba kubwa alikuwa na tanuru lake mwenyewe la kujengea mabanda na nyumba za wapangaji, na kuchomea mabomba ya udongo ya kukaushia mashamba yenye maji. Great Linford ilikuwa na jambo la ziada, nalo ni mfereji. Grand Junction Canal, ambao leo ni sehemu ya Grand Union Canal, ulifunguliwa hapa mwaka 1800. Tishari moja lililovutwa na farasi mmoja lilibeba mzigo ambao mikokoteni mingi isingeuweza. Makaa ya mawe yaliingia kwa maji na matofali yaliweza kutoka kwa maji, bila kusahau kwamba njia ya reli ya Newport Pagnell, iliyofunguliwa kwa abiria mwaka 1867, ilipita kijijini hapo hapo. Na reli hiyo nayo ililala kwa sehemu juu ya mfereji mwingine mdogo wenye malango saba ya maji ya kupandishia na kushushia vyombo, uliofunguliwa mwaka 1817 na kufungwa mwaka 1864. Mahali hapa pana tabia ya kitu kipya kukalia kaburi la kitu cha zamani.

Jambo jingine ni ushuru. Kuanzia mwaka 1784 serikali ya Uingereza ilitoza ushuru wa matofali ili kulipia gharama za vita vya uhuru wa Marekani, kwanza shilingi 2 na peni 6 kwa kila matofali 1,000, na baadaye ikaupandisha zaidi ya mara moja. Wafyatuaji wakajaribu ujanja wa kutengeneza matofali makubwa ili idadi ipungue, na mwaka 1803 serikali ikajibu kwa kutoza makubwa mara mbili. Ushuru ulifutwa mwaka 1850. Kwa hiyo viwanja vingi vya vijijini tunavyoviita vya enzi za Victoria vilistawi katika miaka sitini hivi tu, kati ya kufutwa kwa ushuru na kile kilichokuja kuviua. Hicho kilichoviua ndicho ningependa tukijadili.

Fundi Uyole

Mzee, shikamoo, na asante kwa uzi huu. Mimi si msomi wa historia, lakini nimefyatua na kuchoma matofali kwa zaidi ya miaka ishirini huku Mbeya, hivyo ninaposoma habari hizi ninaziona kwa macho ya kazi. Huku kwetu tanuru halijengwi likabaki. Matofali mabichi yenyewe ndiyo tanuru: unayapanga, unaacha midomo ya kuingizia kuni chini, unapaka tope nje ili moto usitoroke, unachoma kwa siku kadhaa, na ukishauza matofali tanuru limekwisha, pamebaki majivu na vipande.

Nina maswali mawili. La kwanza, hao waliwezaje kukausha matofali mabichi katika nchi ambayo mvua hunyesha wakati wowote? Mwaka mmoja mvua ya kwanza ya Novemba ilinikuta na matofali mabichi elfu nne uwanjani, majani ya kufunikia hayakutosha, na asubuhi nilikuta rundo la tope ambalo huwezi kujua kama liliwahi kuwa na kona. La pili, tanuru la kudumu lina faida gani hasa, ikiwa kulijenga kwenyewe ni gharama?

Mzee wa Mfereji

Marahaba, Fundi. Umegusa kiini cha jambo, maana kazi hii kule Uingereza ilikuwa kazi ya majira, kama kilimo.

Udongo ulichimbwa vuli mavuno yakishakwisha, wakati vibarua wa mashamba wana nafasi, ukarundikwa nje na kuachwa upigwe na jalidi ya majira ya baridi. Maji yaliyomo ndani ya bonge la udongo yakiganda hutanuka na kulipasua, na yakiyeyuka udongo hulegea. Baada ya miezi michache ya kuganda na kuyeyuka, bonge lililokuwa gumu kama jiwe huwa linabomoka mkononi. Baridi ilikuwa kibarua asiyelipwa. Ilipofika Aprili hivi, udongo ulitiwa kwenye kinu cha kukandia, yaani pipa la kusimama lenye visu ndani, ambalo farasi aliliendesha kwa kuzunguka siku nzima. Kufyatua kuliendelea hadi Septemba, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli nyingine.

Mfyatuaji alisimama kwenye meza yake, na hapo ndipo palikuwa moyo wa kiwanja. Alichukua bonge, akalibingirisha kwenye mchanga, akalitupa kwa nguvu ndani ya kalibu ya mbao ili lijae hadi kwenye kona, akakwangua juu kwa ubao uliolowekwa majini, akaligeuza tofali juu ya kibao chembamba, na kabla hajainua macho mtoto au kijana alikuwa amekwisha kuliondoa na kurudisha kibao kingine. Mfyatuaji hodari mwenye wasaidizi wa kutosha alitoa matofali elfu kadhaa kwa siku. Zingatia kwamba alitupa bonge, hakulikandamiza. Tofali lililokandamizwa kwa vidole huacha mapengo kwenye kona, na kona ndiyo ya kwanza kumomonyoka.

Sasa kuhusu mvua. Matofali mabichi yalipelekwa kwa toroli refu lisilo na kingo hadi kwenye safu za kukaushia, ambazo zilikuwa nyembamba na ndefu, kimo chake hakifiki kiunoni sana, na zilifunikwa kwa majani makavu au vifuniko vya mbao kila wingu lilipoonekana. Yakishakauka nusu, yaligeuzwa na kupangwa upya yakiwa yameelekezwa mshazari, huku kukiachwa nafasi baina ya moja na jingine ili upepo upite. Ukaushaji huo ulichukua wiki tatu hadi sita kulingana na hali ya hewa. Na kuhusu yaliyokupata wewe Novemba, amini kwamba kiangazi chenye mvua nyingi kilimtia hasara mwenye kiwanja wa Kiingereza vile vile. Alichokuzidi wewe pengine ni wingi wa majani tu.

Tanuru la kudumu faida yake ni mbili. Kuta zake nene huzuia upepo, hivyo moto hauendi upande mmoja na idadi ya matofali mabichi au yaliyoungua kupita kiasi hupungua. Pili, unaweza kulitumia tena na tena bila kupoteza siku za kujenga ganda la nje. Matofali yaliingizwa kupitia mlango wa tao, mlango ukazibwa kwa matofali na tope, na moto ukawashwa kwenye midomo ya pembeni. Siku mbili tatu za kwanza moto ulikuwa mdogo sana, wa kufukuza maji tu, kwa sababu ukiharakisha mvuke hulipasua tofali kutoka ndani. Kisha moto ulikolezwa hadi karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi. Mchomaji hakuwa na kipimajoto. Alitazama rangi ya moto kupitia tundu, na alipima kwa fimbo jinsi rundo lilivyozama, kwa kuwa udongo unaoiva husinyaa na rundo zima hushuka. Rundo likishashuka kiasi anachokijua yeye kwa mazoea, aliziba midomo na kuacha tanuru lipoe siku kadhaa.

Lakini angalieni kasoro iliyofichika humo. Kila mchomo ulianza na tanuru baridi, ukalipasha joto tanuru zima na kuta zake zote nene, kisha joto hilo likaachwa lipotelee hewani. Makaa ya mawe yaliyofika kwa tishari na kulipiwa yaliishia kupasha kuta.

Binti Ufinyanzi

Naomba kuongeza jambo moja ambalo nisingependa lipitwe haraka, maana mwanzisha uzi ametaja "mtoto au kijana" kana kwamba ni kifaa cha kazi.

Katika viwanja vya matofali vya Uingereza, mfyatuaji mara nyingi alilipwa kwa idadi ya matofali, na yeye ndiye aliyewatafuta na kuwalipa wasaidizi wake. Wasaidizi wa bei rahisi kuliko wote walikuwa watoto wake mwenyewe na wa jirani. Mtu aliyelipigia kelele jambo hilo ni George Smith, aliyejulikana kama George Smith wa Coalville, ambaye alizaliwa mwaka 1831 Staffordshire na kuanza kubeba udongo kichwani akiwa na umri wa miaka 9 hivi, mzigo wa ratili zipatazo 40, yaani kilo 18, saa nyingi kwa siku. Alipokua akawa meneja katika kazi hiyo hiyo, na badala ya kusahau akaanza kuandika na kuhutubia, akitumia ushahidi wa kuonekana: alipima bonge la udongo lililotolewa kichwani kwa mtoto, na kuwaonyesha waheshimiwa waliokuwa hawajawahi kugusa udongo. Mwaka 1871 Bunge lilipitisha sheria iliyopanua sheria za viwanda hadi kwenye viwanja vya matofali na vigae, na ikakataza wasichana walio chini ya miaka 16 na wavulana walio chini ya miaka 10 kufanya kazi humo.

Kwa hiyo kiwanda cha Great Linford, kwa tarehe ulizotoa, ni cha baada ya sheria hiyo. Kwa sheria hiyo, mvulana wa miaka 10 bado angeweza kuwa pale. Nilitaka tu tusiyatazame madimbwi yenye bata tukasahau shingo zilizobeba kilichokuwamo.

Mzee wa Mfereji

Dada, nakubali sahihisho, na umelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema mimi.

Mtafiti Huru

Ndugu mwanzisha uzi, maelezo yako ni mazuri, lakini nadhani jibu la swali lako ni rahisi kuliko unavyolionyesha. Viwanja vya vijijini viliuawa na reli. Siku treni ilipoweza kuleta matofali ya mbali kwa bei nafuu, ulinzi wa umbali uliokuwa ukimkinga mwenye kiwanja ulikwisha. Ongeza hapo tanuru la Friedrich Hoffmann, lililopewa hataza huko Prussia, dola ya Kijerumani ya siku zile, mwaka 1858, na kesi imefungwa. Kwa wasiolifahamu, hilo ni tanuru la vyumba vilivyopangwa kwa mviringo, ambamo moto hauzimwi bali huhamishwa kutoka chumba hadi chumba. Hewa inayoingia hupita kwanza kwenye matofali yaliyokwisha kuiva, ikayapoza huku yenyewe ikipata joto; hewa moto inayotoka kwenye moto hupita kwenye matofali mabichi yaliyo mbele na kuyapasha kabla hayajafikiwa. Makaa yaliyosagwa hudondoshwa kupitia matundu ya darini. Joto ambalo tanuru la Great Linford lililitupa, Hoffmann alilitumia tena. Palikuwa na matanuru ya namna hiyo yaliyowaka miaka na miaka bila kuzimwa.

Mzee wa Mfereji

Mtafiti, hoja ya reli nilikuwa nayo hata mimi, lakini tarehe zilinisumbua. Reli ilikuwapo Wolverton tangu 1838 na kijijini tangu miaka ya 1860. Ikiwa reli peke yake ndiyo muuaji, kiwanda hiki kisingezaliwa kabisa, maana kilianza wakati treni zilikuwa zimekwisha kupita mlangoni kwa miaka. Reli ilikilea kiwanda kabla haijakigeuka. Hata tanuru la Hoffmann lilikuwa limejulikana Uingereza tangu miaka ya 1860. Kilichokuwa hakijapatikana ni udongo wake.

Twende Fletton, kijiji kilicho pembeni mwa Peterborough. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wachimbaji wa hapo walipita tabaka la juu la udongo wa kawaida wakakuta chini yake udongo mgumu wa rangi ya kijivu iliyoiva, ambao kwa mazoea ya kazi ungetupwa. Wanajiolojia wanauita Lower Oxford Clay, na ulitandazwa kwenye sakafu ya bahari zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Bahari hiyo ilikuwa na viumbe wengi mno, na mabaki yao yalioza nusunusu na kubaki ndani ya udongo kama mafuta na kaboni. Mashimo ya karibu na Peterborough ndiyo yaliyompa mkusanyaji Alfred Leeds mifupa ya samaki mkubwa ajabu aliyepewa jina la Leedsichthys mwaka 1889. Lakini kwa mfyatuaji, mabaki hayo yalikuwa na maana nyingine: udongo ulikuwa na kuni zake ndani. Ukiuwasha unajichoma wenyewe, na takribani theluthi mbili ya makaa ya mawe inaokolewa.

Si hilo tu. Udongo huo una unyevu wa kiasi ambacho unaweza kusagwa ukawa unga na kushindiliwa moja kwa moja kwa mashine, mara nne kwa kila tofali, likatoka gumu la kutosha kuingia tanuruni bila wiki zile tatu hadi sita za kukaushwa uwanjani. Fundi Uyole, fikiria: hakuna safu za kuanika, hakuna majani, hakuna Novemba. Hakuna kungoja jalidi ilegeze udongo, hakuna kungoja Aprili. Tia udongo huo kwenye tanuru la Hoffmann lisilozimika, na umepata kiwanda kinachofanya kazi Januari sawasawa na Julai.

Sasa, ukanda wa udongo huo unapita mshazari katika Uingereza, kutoka Peterborough hadi Bedfordshire na Buckinghamshire. Ulipita karibu sana na Great Linford. Viwanda vikubwa vya matofali ya Fletton viliibuka bonde la Marston upande wa mashariki, Bletchley upande wa kusini, na Calvert, ambako kiwanda kilianza mwaka 1900 kando ya reli mpya. Bahati ya kijiografia iliyompa mtu wa Great Linford mfereji na reli ndiyo iliyompa majirani wasioshindika. Hakushindwa kwa ubaya wa tofali lake. Alishindwa kwa sababu alikuwa mkulima wa matofali, anayelima na kuvuna kwa majira, na jirani yake aliacha kuwa mkulima.

Mtafiti Huru

Nimekuelewa, na narudi nyuma hatua moja. Hata hivyo kuna jambo linalotia doa hoja yako. Tofali la Fletton halikuwa zuri kwa sura. Lina rangi ya waridi isiyolingana, na mabaka pale matofali yalipogusana tanuruni. Wajenzi walilificha kwenye kuta za ndani. Kwa hiyo viwanja vidogo vilivyotoa tofali zuri la uso wa nyumba vingeweza kusalia, na baadhi vilisalia. Huko Sussex, kiwanda cha shamba kubwa la Ashburnham, kilichoanza mwaka 1840, kiliendelea kuchoma kwa matita ya matawi ya miti hadi mwaka 1968.

Naongeza pia kwamba wazo la kutia kuni ndani ya tofali halikuanzia Fletton. Wafyatuaji wa Kent na Middlesex waliochoma matofali ya manjano ya London walichanganya udongo wao na majivu yaliyochekechwa kutoka kwenye taka za majumba ya London, na chembe za makaa ambazo hazijaungua ndizo zilizolichoma tofali kutoka ndani. Walilazimika kununua na kusafirisha kwa tishari kile ambacho Fletton ilikikuta ardhini bure.

Mzee wa Mfereji

Hilo la majivu ya London ni nyongeza kubwa, asante. Na kuhusu Ashburnham uko sahihi, lakini tazama mwenye kiwanja alikuwa nani: shamba kubwa lenye misitu yake, majengo yake ya kutengenezwa kila mwaka, na subira ya watu wasiohesabu kila senti. Great Linford soko lake lilikuwa safu za nyumba za wafanyakazi, na katika safu hizo bei ndiyo iliyozungumza. Viwanja vingine vidogo vilivyovuka miaka ya 1910 vilipoteza vijana wao vitani, na mwaka 1939 lilipokuja agizo la kuzima taa zote usiku kwa hofu ya ndege za Wajerumani, matanuru ya wazi yaliyong'aa gizani hayakuweza kufichwa, na vingi havikuwashwa tena.

Walioshinda nao hawakudumu. Stewartby, kijiji kilichojengwa kuanzia mwaka 1926 kwa ajili ya wafanyakazi wa matofali katika bonde la Marston, kilikuwa na kiwanda kilichotajwa katika miaka ya 1930 kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Baada ya Vita vya Pili kazi ilizidi watu, wakaletwa Waitaliano kutoka kusini mwa nchi yao, na ndiyo asili ya jamii kubwa ya Waitaliano mjini Bedford hadi leo. Calvert ilifungwa mwaka 1991. Stewartby ilifungwa mwaka 2008, na bomba zake nne za mwisho za moshi ziliangushwa mwaka 2021. Kwa hiyo matanuru mawili madogo ya Great Linford, yaliyouawa na majitu hayo, yameishi kuyaona majitu yakianguka.

Binti Ufinyanzi

Swali la vitendo, mzee: mtu akitaka kutafuta kiwanja cha namna hiyo kilichopotea kabisa, pasipo hata tanuru, anaanzia wapi?

Mzee wa Mfereji

Anaanzia kwenye majina. Palipo na Kiln Lane, Brick Kiln Field au Brickfield Farm ("kiln" ni tanuru, "brick" ni tofali), karibu kila mara palichomwa kitu. Kisha ramani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, za mwisho wa karne ya 19, zile za inchi 25 kwa maili, ambazo zinaonyesha hadi umbo la tanuru na kuandika "Clay Pit" kando ya shimo. Ukilinganisha matoleo mawili utaona kiwanja kikizeeka: toleo la kwanza linaandika shimo la udongo, linalofuata linaandika "Old", yaani la zamani, mbele yake, na la tatu linachora dimbwi bila neno lolote. Daftari za sensa zitakupa watu, maana kazi ya kila mtu iliandikwa, ingawa kumbuka kwamba sensa ilifanyika Machi au Aprili, na mtu aliyefyatua matofali kiangazi chote angeweza kuandikwa kama kibarua wa shamba tu. Mwisho, tazama ardhi yenyewe. Tanuru lililoachwa huibiwa matofali yake na kila mwenye ukuta wa kujenga, lakini udongo uliochomwa kila mwaka chini ya moto hubaki mwekundu, na jembe la trekta huuleta juu.

Fundi Uyole

Mzee, nimesoma yote. Naomba kitu kimoja. Ukipita tena hapo kwenye madimbwi, kama kuna vipande vya matofali vimelala njiani, chukua viwili uvigonganishe, utuambie vinasemaje. Usiguse tanuru lenyewe.

Mzee wa Mfereji

Nimerudi sasa hivi. Kando ya dimbwi la pili, kwenye matope yaliyochimbuliwa na mizizi ya mti ulioanguka, nilikuta vipande vitatu. Viwili nilipovigonganisha vililia kama kengele ndogo, sauti kavu ya kuruka. Cha tatu kilitoa sauti ya kugonga mkate, na ukucha wangu uliweza kukikwangua. Rangi yake ilikuwa ya chungwa iliyofifia, na ndani kulikuwa na doa jeusi.

Fundi Uyole

Hivyo viwili vimeiva vizuri, vilikaa katikati penye moto. Hicho cha tatu kilikaa pembeni, karibu na mlango, na doa jeusi ni moyo ambao moto haukuufikia. Mchomaji alikitupa siku ile ile tanuru lilipofunguliwa, ndiyo maana umekikuta bado kipo hapo. Vizuri vyote viliuzwa.